Huna gari? Stori ya pombe na barabara bado inakuhusu

Kila ikifika Disemba tangazo huwa lile lile: usiendeshe gari ukiwa umelewa. Kijana wa Pipeline au Githurai akilisikia anacheka tu. Gari gani? Yeye leseni hana, gari hana, hata baiskeli ya mjomba ilishauzwa. Anaona tangazo hilo ni la wale wa Subaru, wanaopaki nje ya klabu muziki ukigonga hadi vioo vinatetemeka. Yeye akimaliza vyake anarudi kejani kwa miguu, ama anarukia nduthi. Kwa hivyo yuko salama, si ndio?

Zii. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea hesabu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ilhali nchi hizo zina karibu asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Soma hapo tena polepole. Na ukiuliza ni kitu gani kinachoua watu wengi zaidi wa kati ya miaka 5 na 29 duniani, wengi watakutajia malaria ama ukimwi. Jibu ni ajali za barabarani. Huo ni umri wako wewe unayesoma hii, na wa mdogo wako aliye darasani saa hii.

Hapa kwetu, takwimu za NTSA, ile mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, zimekuwa zikionyesha zaidi ya vifo 4,000 kila mwaka. Kundi linaloongoza kwa kufa ni watu wa miguu. Wanaofuata kwa karibu ni watu wa pikipiki, anayeendesha pamoja na aliyebebwa. Wenye magari yao binafsi wako chini kwenye orodha.

Sasa weka pombe katikati ya hiyo picha. Utaona ni kwa nini mimi naamini lile tangazo la Disemba linaongea na nusu tu ya watu wanaohusika. Hiyo nusu nyingine ni sisi.

Pombe haiulizi kama umeshika usukani

Pombe ikiingia kwa damu, vitu vinne huharibika haraka. Macho yanakadiria vibaya umbali na kasi. Mwili unachelewa kuitikia. Miguu inapoteza usawa. Halafu, hii ndiyo mbaya kuliko zote, woga unatoroka. Dereva akipatwa na hayo manne tunaita kosa la jinai. Mtu wa miguu akipatwa nayo tunaita kichekesho, tunatoa simu na kurekodi video.

Hebu tufanye hesabu ya Thika Road. Jamaa ametoka kwa base yake karibu na Roysambu saa sita usiku. Daraja la kuvukia analiona, lakini ngazi ni nyingi na kuna giza, tena anahofia ngeta pale juu. Anaamua kuvuka chini. Njia nne za upande mmoja zina upana wa karibu mita 14. Mlevi akitembea kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, hizo ni sekunde 14 akiwa katikati ya lami. Gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Yaani lile gari aliloliona kwa mbali, umbali wa viwanja vitatu vya kandanda, litakuwa limemfikia kabla hajamaliza kuvuka. Na hapo bado upande wa pili haujaanza.

Dereva wa hilo gari hata akiwa hajaonja tone, atafanya nini? Amemwona mtu aliyevaa jaketi nyeusi zikiwa zimebaki mita 40. WHO inasema hatari ya kufa kwa mtu wa miguu anayegongwa na mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kwa 80 usiniulize.

Jambo hili halikuanza jana. Miaka ya tisini, mtafiti Wilson Odero alifuatilia majeruhi wa ajali waliofikishwa katika hospitali za Eldoret, wakapimwa pombe. Karibu robo yao walikuwa nayo mwilini. Wakati huo hakukuwa na nduthi kila kona, na Thika Road ilikuwa bado ile barabara ya zamani ya foleni. Leo barabara ni pana, magari ni mengi, na chupa imekuwa bei ya soda mbili.

Kota moja si kidogo

Tuongee hesabu ya chupa, kwa sababu mtaani kuna uongo mwingi. Mimi si daktari, na chuo nilitoka kabla ya kuvaa joho, lakini hii haihitaji digrii.

Bia ya mililita 500 yenye pombe ya asilimia 5 ina mililita 25 za pombe yenyewe. Kota ya mililita 250 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina mililita 100. Gawanya. Kota moja ni bia nne. Kwa hivyo yule msee anayejigamba ati "leo nimeshika kota tu, niko fiti" amemaliza bia nne, na mara nyingi amezimaliza kwa dakika 20 kwa sababu ile kitu haina haja ya kupoa kwa friji.

Haya, twende kwa upande wa kuondoka. Ini halina haraka. Kwa makadirio ya kawaida, pombe hushuka kwa miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu kila saa. Kahawa haiongezi hiyo kasi, maji baridi hayaongezi, wala supu ya mifupa pale kwa stage. Supu itakupasha moto tu.

Tuseme jamaa wa kilo 70 ameanza saa tatu usiku, na kufika saa nane amemaliza bia tano kubwa. Amelala, ameamka saa moja asubuhi, ameoga, amepiga mswaki, anahisi yuko sawa. Damu yake bado ina karibu miligramu 60 za pombe katika kila mililita 100. WHO inapendekeza mwisho uwe 50 kwa dereva wa kawaida, na 20 kwa dereva kijana au mgeni wa usukani. Huyo jamaa ataanza kuwa msafi kabisa karibu saa tano. Lakini saa moja na nusu tayari ako kwa nduthi akibeba mtoto wa shule, ama ameshika usukani wa matatu trip ya pili. Na hapo sijamhesabu yule aliyeamka akatoa loki na kachupa kengine.

Kwa dada zetu hesabu ni kali zaidi. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanaume wa uzito huo huo, kwa hivyo chupa zile zile zinapandisha pombe kwa damu juu zaidi. Sio udhaifu, ni maumbile tu. Ukishindana na beshte yako chupa kwa chupa, mko kwa mashindano mawili tofauti.

Nduthi inayokupeleka nyumbani

Wengi hudhani wamefanya la maana wakiacha gari na kuita boda. Ni kweli, hiyo ni hatua. Lakini umemwangalia anayekuendesha?

Watu wa boda wamebeba huu mji mgongoni na mimi sitaki kuwapaka matope. Wengi wanaendesha pikipiki za mkopo. Deni linadai kila siku, mvua inyeshe ama jua liwake. Kwa hivyo mtu ametoka alfajiri, na saa sita usiku bado ako kwa stage nje ya baa akingoja walevi, kwa sababu mlevi habishani kuhusu bei. Baridi ni kali, usingizi umefika. Kuna anayetafuna miraa ili macho yabaki wazi, na kuna anayeshika kachupa ka kupasha mwili joto. Sasa amebeba wewe, na beshte yako, mishikaki, wote watatu mmechangamka, helmeti moja imetundikwa kwa kioo kama pambo.

Hiyo helmeti ina kazi. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Najua sababu za kuikataa. Inanuka jasho, itaharibu nywele za salon, imevaliwa na watu mia leo. Sawa. Beba kitambaa chepesi cha kufunga kichwa, kisha uvae juu yake. Nywele zinasukwa upya. Fuvu halisukwi.

Na ukisikia mdomo wa mwenye boda unanukia, ama anaongea akivuta maneno, huna deni naye. Mwambie tu, "Kaka, wacha leo nichukue ingine." Atalalamika, pengine atakutusi. Hiyo kelele ni ya dakika moja.

Mashine ya kupuliza na mchezo wa paka na panya

Serikali imejaribu. Mwaka wa 2010 ilikuja sheria ya vileo, ile tunaita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Siku za kazi baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni, wikendi na sikukuu saa nane mchana, zote zifungwe saa tano usiku. Hapo kwenu zinafungwa saa ngapi? Usijibu.

Halafu Disemba 2013 ikaja Alcoblow. Kanuni za 2011 zilikuwa zimeweka kiwango cha miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, ama maikrogramu 35 kwa kila mililita 100 za pumzi. Waliokuwa wakienda klabu wakati huo wanakumbuka: watu walijificha, wakapita njia za vichochoroni, wakatumiana ujumbe mtandaoni karao wako wapi leo. Lakini pia, wengi walianza kuacha magari ama kumlipa mtu wa kuwaendesha. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zile haziendi sambamba na Sheria ya Trafiki, ambayo inamlenga dereva aliyelewa hadi hawezi kulidhibiti gari. Tangu hapo serikali imetangaza kurudi kwa hiyo mashine zaidi ya mara moja. Leo iko, kesho haiko.

Hiyo ya leo iko kesho haiko ndiyo shida. Upimaji wa ghafla unaofanywa mara kwa mara, mahali popote, unaweza kupunguza ajali za pombe kwa takriban asilimia 20, kwa mujibu wa WHO. Siri yake ni dereva kuamini kwamba akitoka na pombe atapimwa. Msako wa wiki mbili za Krismasi unamfundisha tu kungoja Januari. Na pale barabarani mahali mashine inaisha kwa "ongea na mimi vizuri, bosi", hata hilo somo linayeyuka.

Adhabu yenyewe si ya kucheza nayo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema faini isiyozidi Sh100,000, ama kifungo kisichozidi miaka miwili, ama vyote viwili. Pikipiki pia ni chombo cha moto, kwa hivyo mtu wa nduthi akidhani hiyo ni sheria ya magari amejidanganya.

Lakini hata Alcoblow ikirudi na nguvu zote, haitampima jamaa anayevuka Thika Road kwa miguu. Haitamsaidia abiria wa boda. Mtu wa miguu anahitaji vitu vya kawaida sana: taa zinazowaka juu ya daraja, ngazi ambazo mtu akiwa na miguu mizito bado anaweza kuzipanda, ulinzi ili asiogope kuvukia juu usiku, na mwendo wa magari upunguzwe pale ambapo barabara kuu imepita katikati ya mtaa wa watu. Hayo ni ya kaunti na serikali kuu. Ukimwona MCA wako akigawa kofia wakati wa kampeni, muulize kuhusu taa za daraja.

"Mwacheni, ni pombe tu"

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya niandike hii yote. Mtu akianguka na nduthi usiku, watu wa kwanza kufika wananusa pombe na kusema maneno matatu: "Mwacheni, ni pombe." Anasukumwa kando ya duka alale, asubuhi ataamka. Ama anapelekwa nyumbani, anawekwa kitandani, kila mtu anaenda kulala.

Shida ni kwamba mtu aliyelewa na mtu anayevuja damu ndani ya fuvu wanafanana sana. Wote wanaongea maneno yasiyoeleweka. Wote wanatapika. Wote wanasinzia. Kuna damu nyingine huvuja polepole: mtu anaanguka, anaamka, anacheka na nyinyi, anasema yuko sawa, halafu saa chache baadaye anazima kabisa. Ukimwacha "alale pombe iishe", saa ambazo daktari angeweza kumwokoa zinapita akikoroma.

Kwa hivyo kama kuna mtu amegonga kichwa na ana pombe, chukulia kwamba ni kichwa hadi hospitali iseme ni pombe. Angalia haya: anatapika tena na tena, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko nyingine, anatokwa na damu au majimaji kwa masikio au pua, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, ameshikwa na degedege, ama hawezi kuamshwa. Hata moja tu ya hizo, hakuna kungoja asubuhi.

Na usimbebe kama gunia la viazi, mmoja ameshika mikono, mwingine miguu, mkimtupa nyuma ya Probox. Shingo ikiwa imevunjika, hapo mtamalizia uti wa mgongo. Kama hayuko kwa hatari ya kugongwa tena, muache pale pale, shikilia kichwa kisiyumbe, simamisha mtu mbele awashe tochi ya simu kuonya magari, halafu piga 999, 112 ama 1199 ya Msalaba Mwekundu. Akitapika, mgeuze ubavu mwili wote kwa pamoja, kichwa na shingo vikifuatana na mabega, asije akasakamwa.

Mpango wa kurudi, kabla ya chupa ya kwanza

Sitakuambia uache pombe. Wewe ni mtu mzima, na kama hujafika miaka 18 sheria imeshakuambia. Nachosema ni kwamba uamuzi wa jinsi utakavyorudi nyumbani unafaa kufanywa na wewe wa saa kumi na mbili jioni. Wewe wa saa sita usiku ni mtu mwingine, na huyo hafai kuaminiwa na hata kaptula yake.

Weka pesa ya kurudi kando kwa simu ya beshte asiyekunywa, ama uiache kwa akaunti ambayo hutaigusa. Ukiwa na mtu wa boda ama teksi unayemjua, mpigie mapema, mpatane saa na bei akiwa bado yuko macho na wewe pia. Kwa kikundi, mmoja abaki na soda, na soda yake ilipwe na wengine bila kelele. Leo ni yeye, wiki ijayo ni wewe. Kama mpango wote umekufa, lala pale pale. Kochi la rafiki linaumiza mgongo siku moja tu.

Ukilazimika kutembea, tembea mkiwa wawili, panda daraja hata kama ni mbali, vaa kitu cheupe. Kama lazima utembee kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, tazamana na magari yanayokuja badala ya kuyapa mgongo. Asubuhi kama una usukani, fanya ile hesabu ya ini kabla ya kuwasha injini. Na kama unaona chupa imeanza kukuendesha wewe, NACADA ina laini ya bure, 1192, ya kuongea na mtu.

Kila mtaa una ile grupu ya WhatsApp iliyofunguliwa usiku mmoja kwa jina la mtu aliyelazwa, na nambari ya kutuma mchango. Tunachanga, tunaweka mikono ya kuomba, siku ya tatu jina la grupu linabadilishwa kuwa la mazishi. Hela tunazochanga hapo zingelipa teksi za mwaka mzima.

Basi Ijumaa hii mkitawanyika, kuna ujumbe mmoja wa kutuma ambao haugharimu kitu: "Umefika?" Na usilale kabla hujajibiwa.